Sura ya 9: Safari ya Nje Kabla ya Kupona

Mwanamke wa Malemba-Nkulu anayetaka kwenda nje ya nchi baada ya upasuaji mdogo wa uzazi huuliza kwanza habari ya ndege. Ana haki ya kuuliza, ila ameiruka nusu ya safari. Kabla hajauona uwanja wa Luano pale Lubumbashi, itambidi apande pikipiki kwenye njia ya mashimo, au mashua ya injini inayopandisha Lualaba kupitia vinamasi vya Upemba hadi Bukama iliko reli. Kwa maoni yangu siku za kuogopa ziko huku mtoni, na hizo ndizo za kupangwa kwanza.

Ninaposema upasuaji mdogo nina maana ya kusafisha kizazi baada ya mimba kuharibika, kukatwa kipande cha shingo ya kizazi kwa uchunguzi au tiba, kuondolewa uvimbe mdogo, au kufungwa mirija kwa matundu madogo ya tumboni. Kujifungua kwa kisu hakumo humu, wala kushonwa fistula. Hayo yana masharti yake, tena makali zaidi.

Jambo la kwanza ni damu. Baada ya kusafishwa kizazi, damu hutoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili, huku ikipungua. Shingo ya kizazi iliyokatwa ina tabia nyingine. Kidonda hufunga kwa gamba, na gamba hilo hubanduka kwenye wiki ya pili hivi, damu ikarudi wakati mama anajiona mzima na mzigo umeshafungwa. Damu hiyo ikimkuta mjini, atapelekwa kwa daktari. Ikimkuta kwenye mashua, kati ya ziwa Kisale na Bukama, hapana chumba cha upasuaji karibu. Kipimo cha hatari ni hiki: pedi mbili au zaidi zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa mbili mfululizo, safari imekwisha; atafutiwe hospitali ya karibu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba wiki mbili za kwanza mama akae mahali anapoweza kumfikia, kwa saa chache, mtu anayejua kuzuia damu. Anayetibiwa Zambia na kurudi kwa basi kupitia Kasumbalesa ahesabu vivyo hivyo.

Homa nayo hudanganya sana katika bonde letu. Mtu akipata joto, kila mmoja husema ni malaria, na kipimo huenda kikakubali, kwa kuwa watu wazima wengi huku hubeba vimelea vya malaria bila kuugua. Lakini joto la nyuzi 38 au zaidi baada ya upasuaji, likiambatana na maumivu chini ya kitovu au uchafu unaonuka, laweza kuwa ni maambukizi ndani ya kizazi. Dawa ya malaria peke yake haitamponya. Lazima amwambie munganga yeyote atakayemkuta njiani kwamba amefanyiwa upasuaji, hata kama anaona haya mbele ya watu. Kwa sababu hiyohiyo asiingie kuoga mtoni hadi damu ikauke. Maji ya Lualaba na maziwa yake yameleta kipindupindu mara nyingi. Ajisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Tukija kwenye ndege, mambo ni mepesi kidogo. Hewa ya ndani ya ndege iliyo juu ni nyembamba, kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Gesi yoyote iliyobaki tumboni hupanuka. Waingereza hushauri kungoja siku 1 au 2 baada ya upasuaji wa matundu madogo, na siku 4 au 5 baada ya upasuaji mwepesi wa kufungua tumbo. Aliyepoteza damu nyingi apimwe wingi wa damu kwanza, maana hewa hiyo nyembamba humchosha haraka mwenye upungufu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kukaa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya zaidi ya saa 4 huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda miguuni, iwe ni ndege, basi au treni. Upasuaji huongeza, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza, na ugonjwa wa selimundu pia. Dawa ni kusimama, kutembea, kukunja na kukunjua vifundo, na kunywa maji. Sasa mtazame mama aliyebanwa kati ya magunia ya samaki wakavu, hana pa kunyosha mguu, naye hanywi maji kwa kuwa hakuna choo. Huyo mashua ikitia nanga ashuke atembee, hata kama nahodha ananuna. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, asingoje kufika.

Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai wawe makini na dawa za maumivu. Tramadoli na kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na kibali huombwa kabla ya kusafiri. Karatasi ya hospitali iandikwe pia kwa Kiingereza, ikitaja upasuaji, tarehe yake na majina halisi ya dawa.

Mara nyingi tarehe ya safari hupangwa na mume au ndugu anayelipa tiketi. Nanyi basi ninawaomba: kabla ya kulipa, mwulizeni mgonjwa kama damu imekatika, kisha mwulizeni munganga wake.