Teksi za umeme zaja, je, stima ya uwanja wa ndege itatosha?

Ndugu zangu wa Malindi na Kilifi, kila tukidai uwanja wetu wa ndege upanuliwe, twazungumzia urefu wa njia ya kurukia. Mimi naomba tuitaje na stima. Tuktuk na teksi za umeme zimeshaingia nchini, na zitataka kuchajiwa pale pale abiria wanaposhukia.

Chaja ya kasi ya gari moja yaweza kuvuta kilowati 50. Hizo ni sawa na birika 25 za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Magari manne yakichomekwa ndege inapotua, ni kilowati 200. Sola nzima iliyowekwa uwanja wa Moi, Mombasa, ni kama kilowati 500, tena jua likiwa kali.

Wengine watasema Langobaya tuna sola ya megawati 40. Kweli, lakini stima ile huingia gridi ya taifa. Kinachobana ni transfoma ya hapo uwanjani. Ikizidiwa hupata moto, stima hupungua nguvu na taa hufifia.

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea nchi nzima, abiria wa JKIA walikaa gizani kwa sababu jenereta moja ilikataa kuwaka. Magari hayakuhusika. Lakini tuliona akiba ya stima ilivyo nyembamba. Jenereta ni ya taa za njia ya kurukia, mnara wa kuongozea ndege na ukumbi wa abiria. Chaja zisipowekwa zijizime stima ikipotea, zitaigombania.

Dawa ipo. Kwanza, chaja ziwe na transfoma yao. Pili, ziwe na programu ya kugawana: gari la pili likija, kila moja lipunguziwe. Tatu, tuchaji usiku. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Uniti 50 za shilingi 800 zakuwa 400. Na kwa kuwa ndege zetu nyingi ni za mchana, usiku transfoma ile haina kazi kubwa.

Basi wakija kutusomea ramani ya upanuzi, tusiulize fidia ya mashamba peke yake. Tuulize pia: chaja zitakaa wapi, na zitakula kutoka transfoma gani? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.