Mtoto Asiyesema Apimwe Masikio Kwanza

Huko Bahi, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, mtoto akifika miaka mitatu bila kusema, kitu cha kwanza kukaguliwa ni ulimi. Jirani atasema umefungwa, ukatwe. Mwingine ataona kilimi kimerefuka, nacho kikatwe. Bibi atatuliza watu: hata baba yake alichelewa, subirini. Wote wanampenda mtoto, lakini wanaangalia mahali sipo.

Mtoto husema kile anachokisikia. Kabla hajatamka neno la kwanza, yapata mwaka mmoja, ameshasikiliza sauti za nyumbani kwao miezi mingi na kuzijaribu kwa kubwabwaja. Asiyesikia hana cha kuiga. Hata usikivu hafifu tu unaweza kumnyima herufi laini kama s na f, akawa anaitika akiitwa kwa kelele na watu wakaamini anasikia vizuri. Usikivu huharibika kwa njia nyingi: wengine huzaliwa nao ukiwa pungufu, wengine huupoteza baada ya homa ya uti wa mgongo au kwa baadhi ya dawa kali. Wapo pia wenye masikio yanayotoa usaha mwaka hadi mwaka, na familia ikayazoea. Usaha huo si wa kuzoea.

Mzazi anaweza kujaribu mwenyewe: mwite mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, usikanyage kwa kishindo wala kupiga makofi. Asipogeuka mara kwa mara, una sababu ya kwenda hospitali. Akigeuka, bado kipimo cha kitaalamu kinahitajika, maana jaribio la uani halioni kila kitu.

Ulimi uliofungwa upo kweli. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kuharibu matamshi ya herufi chache, lakini haumfanyi mtoto kuwa kimya. Kukata kilimi hakuleti usemi hata kidogo. Kunaleta damu kuvuja na vidonda kuoza, na wembe mmoja ukipita kwa watoto wengi unabeba maradhi. Hili nalipinga bila kumung'unya maneno.

Masikio yakiwa salama, tunatafuta penginepo. Usonji na utindio wa ubongo huchelewesha lugha kwa namna tofauti, na tiba zake hazifanani. Watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka hufanyiwa upasuaji, mara nyingi kabla ya miezi 18, lakini baadhi yao huendelea kupitishia hewa puani, na hapo mtaalamu wa usemi huwafundisha kuielekeza mdomoni. Kuchanganya l na r, ambako tumekusikia kwa Watanzania wengi, ni lafudhi, hakuhitaji tiba. Wala mtoto hachelewi kusema kwa sababu nyumbani kuna Kigogo na Kiswahili. Msemesheni kwa lugha mnayoimudu vizuri zaidi.

Kigugumizi kinastahili neno la peke yake kwa sababu kinaumiza sana shuleni. Takriban watoto 5 kati ya 100 hukipitia, wengi huachana nacho, na kati ya wanaobaki nacho wavulana ni wengi kuliko wasichana. Chanzo chake kimo katika jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na hurithiwa katika koo nyingi. Hakitokani na woga wala ujinga. Mtaalamu humfundisha mtoto kuanza neno kwa ulaini bila kupambana nalo, na huwafundisha watu wazima kunyamaza na kusubiri. Mwalimu asimmalizie neno, wala asiruhusu darasa limcheke.

Watu wazima nao hupoteza usemi, hasa baada ya kiharusi. Mzee anaweza kushindwa kuomba maji na bado akaimba ubeti mzima wa wimbo aujuao tangu ujana. Kwa wengi wetu upande wa kushoto wa ubongo ndio unaobeba maneno, ilhali uimbaji hutegemea pia upande wa kulia. Wataalamu wa Boston, Marekani, walijenga tiba juu ya jambo hilo miaka ya 1970. Katika nchi ya Wagogo, iliyomlea mwanamuziki Hukwe Zawose, nyimbo haziwezi kukosekana: familia ianze na ule anaoupenda mgonjwa, kisha iingize maneno ya mahitaji kwa mahadhi yaleyale.

Wataalamu wa fani hii ni wachache mno kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kina shahada inayounganisha usikivu na usemi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini kifaa bila mazoezi humpa mtoto kelele zisizo na maana. Mazoezi yenyewe hufanyika zaidi nyumbani: kutaja vitu wakati wa kupika, kumwangalia mtoto usoni, kuuliza na kumpa muda wa kujibu. Mama anayeonyeshwa vizuri mara moja kwa mwezi hufanya kazi kubwa kuliko kliniki yoyote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Bahi, mtoto akifikisha mwaka mmoja na nusu bila neno lolote, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, nenda kituo cha afya uombe rufaa ya kupimwa usikivu Dodoma mjini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Usisubiri mpunga uvunwe kwanza.