Kila kitu ndani, mbuzi nje: hesabu ya likizo ya pwani kwa familia za Tseikuru

Kwa mchuuzi wa mbuzi wa Tseikuru, Kitui, bei kubwa yoyote hugeuka mbuzi kichwani. Karo ni mbuzi, mabati ni mbuzi, hata bili ya hospitali ni mbuzi. Ndivyo mmoja wao alivyoipima likizo ya siku nne aliyoipeleka familia yake pwani Desemba moja iliyopita, kwenye hoteli ya ufuoni inayouza kwa mtindo wa "kila kitu ndani": unalipa mara moja, unafungwa utepe wa plastiki mkononi, kisha mnakula na kunywa hadi siku ya kuondoka. Anasema ilimla mbuzi zaidi ya ishirini. Na jambo analolirudia, hata kabla hujamuuliza, ni kwamba pale mezani nyama ya mbuzi aligawiwa kama dawa: mpishi amesimama nyuma ya jiko la makaa na koleo mkononi, vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba kwa kila sahani, anayefuata tafadhali.

Mtindo huu haukubuniwa kwa ajili yake. Ulianza kwenye kambi ya mahema katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, mwaka 1950, na pwani ya Kenya uliingia na ndege za kukodi zilizoleta Wajerumani, Waswisi na Waitaliano. Mgeni alilipa kwao, akaota jua Diani au Watamu, na sehemu nzuri ya pesa zake haikuvuka bahari. Gambia iliwahi kuukasirikia mtindo huo ikaupiga marufuku mwaka 1999, kisha ikalegeza kamba baada ya kama mwaka mmoja hivi. Kenya haikufika huko. Kilichofika ni misukosuko: ghasia za Likoni 1997, bomu la Kikambala 2002, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya Mpeketoni na maonyo ya usafiri ya 2014, korona ya 2020. Kila mara vitanda vilibaki vitupu, na kila mara wenye hoteli walimkumbuka Mkenya. Wazungu wakirudi, humsahau kidogo.

Safari hii, mawakala wa utalii wanaapa, hawatamsahau. Tangazo la likizo ya pwani linafika Tseikuru kwa simu, kupitia vyama vya akiba vya walimu na vyama vya kina mama, likiwa na maneno yale yale ya "lipa mdogo mdogo" yanayouzia magodoro na matangi ya maji. Njia nayo imelainika. Anayeshuka kupitia Kyuso na Mwingi hadi Kitui anakuta lami inayopita Mutomo hadi Kibwezi, na hapo Mombasa si mbali tena. Akitaka reli, kituo kipo Kibwezi, ingawa nauli zilipanda Januari 2024, ile ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ikitoka shilingi 1,000 hadi 1,500.

Mshindani mkubwa wa hoteli hizi, hata hivyo, hatajwi katika tangazo lolote. Ni shangazi. Nyumba nyingi za Ukambani zina ndugu Changamwe, Mikindani au Mtwapa, na kwa miaka mingi likizo ya pwani ilikuwa mkeka sebuleni kwa shangazi, gunia la ndengu kama zawadi, na Jumapili moja kwenye ufuo wa umma wa Bamburi. Hesabu ya hoteli lazima ishindane na hiyo.

Tuifanye basi, kwa mfano tu, maana bei hupanda na kushuka kama ya ndengu. Chukua hoteli inayotoza mtu mzima 10,000 kwa usiku. Mara nyingi mtoto wa chini ya miaka mitatu hulala bure, wa kati ya mitatu na kumi na mmoja hulipa nusu akilala chumba cha wazazi, na akifika kumi na miwili anahesabiwa mtu mzima. Baba, mama, na watoto wa miaka 13, 9 na 4: hao ni watu wazima watatu na nusu mbili, yaani 40,000 kwa usiku, 120,000 kwa siku tatu za kulala. Na hoteli ikisema chumba kimoja hakibebi watano, jambo ambalo husema, wawili watahamia chumba cha pili na nusu ya mtoto inaweza kupanda hadi robo tatu. Nauli bado. Teksi ya kutoka kituo cha reli cha Miritini bado.

Lakini malalamiko ya mchuuzi wetu hayaanzii kwenye bei. Yanaanzia baa. Yeye ni mzee wa kanisa, na mkewe hanywi. Bei ya kila kitu ndani ni wastani: mnywaji wa bia nane na mnywaji wa soda moja hutozwa sawa, na wa soda ndiye anayemlipia mwenzake. Alikaa siku tatu akiwatazama majirani wa bwawani wakienda na kurudi na glasi, na kila glasi, anasema, aliiona ni sikio la mbuzi wake. Alipouliza kama kuna bei ya wasiokunywa, aliambiwa kwa adabu nyingi kwamba mfumo hauna kitufe hicho.

Akageukia sharubati, angalau afidiwe kwa maembe. Desemba Ukambani maembe huozea chini ya miti. Makueni kuna hata kiwanda cha kaunti kinachoyasaga kuwa rojo, na kwa miaka kadhaa tangu 2014 nchi ilisitisha kuyauza Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Kwenye meza ya hoteli alikuta mashine mbili, moja ikitoa maji ya rangi ya chungwa na nyingine ya rangi ya zambarau. Mtoto wake wa miaka tisa alionja ile ya chungwa, akauliza ni tunda gani. Embe lenyewe lilikuwepo, analikiri, limekatwa vipande vyembamba kando ya tikiti maji, na liliisha kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Hapo ndipo swali la chakula cha watoto linapoanza kuwa la biashara. Bufe haikupangwa ovyo. Mlangoni huwekwa mikate, saladi, wali, pasta, vitu vya kushibisha vya bei rahisi, na sahani si kubwa. Nyama na samaki ziko mwisho wa msafara, na aghalabu kuna mtu wa kukugawia. Mtu mzima mwenye ujanja huruka mwanzo akaanzia mwisho. Mtoto hawezi. Mtoto wa miaka minne akiona chipsi na soseji safari imekwisha, na kwa siku tatu mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, alichokula wa mchuuzi ni chipsi, soseji na aiskrimu. Samaki wa kupaka hakumgusa. Mama aliuliza kama kuna isyo, yaani mahindi na maharagwe, au ndengu tu na chapati. Ndengu zilikuja siku ya tatu, usiku wa vyakula vya Kiafrika, baada ya saa mbili usiku, wakati mdogo amekwisha lala kwenye kiti.

Kijana wa miaka kumi na mitatu, kinyume chake, ndiye aliyeirudisha bei. Kwa maelezo ya babake alikula kimanda cha mayai matatu saa moja, akarudi saa tatu, akala chakula cha mchana mara mbili na vitafunio vya saa kumi. Kama kuna kanuni ya kutoka nayo katika safari hii, ni hiyo: mwenye vijana wanaokua anaweza kufaidi, mwenye watoto wadogo wa kuchagua chakula anafadhili wengine. Mawakala hawalisemi hili, maana picha za tangazo ni za watoto wadogo.

Afisa mmoja wa sekta ya utalii, aliyekubali kuzungumza bila kutajwa, alikuwa na jibu moja kwa kila nililomuuliza: bilioni 452. Hizo ndizo shilingi ambazo takwimu rasmi zinasema utalii uliingiza mwaka 2024, kutokana na wageni wapatao milioni 2.4 waliotoka nje. Nilimuuliza kuhusu familia za mashambani, akanirudishia bilioni 452. Nilimuuliza kuhusu bei za Desemba, akasema mapato yanaonyesha soko lina imani. Tarakimu hiyo ni nzito, ila ukiigawa inatoa kama 188,000 kwa kila kichwa, kitoto cha Arusha kilichovuka Namanga mgongoni mwa mamake kikiwemo. Marekani iliongoza kwa idadi mwaka huo, lakini waliofuata ni Uganda na Tanzania, na si kila anayetoka huko amekuja kulala ufuoni. Wengine wamekuja harusini. Na hata tukiikubali yote, ni hesabu ya wageni wa nje. Familia ya Tseikuru haimo humo kabisa, ijapokuwa katika bili yake imelipa kodi ya ongezeko la thamani ya 16% na tozo ya utalii kama mtu mwingine yeyote. Nilipomwambia hivyo afisa alisema utalii wa ndani nao unakua. Kwa kiasi gani, alisema atanitumia. Nangoja.

Kuna upande wa pili wa sahani, na ndio unaomuuma mchuuzi zaidi ya sharubati. Akiwa hotelini alijitambulisha kwa mtu wa ununuzi, akitaka kujua mbuzi wao hutoka wapi na kama wake wanaweza kufika. Aliambiwa jikoni hawapokei mbuzi wa miguu minne. Wanataka nyama iliyopozwa, iliyopimwa, mapaja yanayolingana, yenye karatasi za machinjio, na malipo hufanywa baada ya siku sitini, pengine tisini. Yeye hununua kwa mfugaji kwa pesa taslimu asubuhi na kumuuza mnyama jioni hiyo hiyo kwa anayempeleka Mwingi, Thika au machinjio ya Kiamaiko, Nairobi. Siku tisini kwake ni mzunguko wa biashara nzima, na kiangazi kikiingilia kati hakuna biashara. Kwa hiyo mbuzi hushuka Nairobi, pesa hushuka Mombasa, na viwili hivyo havikutani. Maafisa hupenda kusema hoteli za pwani ni soko la mkulima wa bara. Huenda zikawa. Kwa ndengu na asali, ambazo hazihitaji barafu, ningesadiki kwa urahisi zaidi kuliko kwa nyama.

Mpishi mmoja mzaliwa wa sehemu za Kyuso, ambaye ameshika mwiko hoteli za kusini mwa pwani kwa miaka mingi, anawatetea waajiri wake kidogo. Anasema familia husahau kwamba wamelipia pia utulivu: mama haoshi sufuria hata moja, na mtoto akiomba juisi mara kumi baba hatii mkono mfukoni. Hilo ni kweli, na kwa mwalimu anayejua mshahara wake hadi senti, kujua mwisho wa matumizi kabla hajatoka nyumbani kuna thamani yake. Lakini mpishi huyo huyo, nilipomuuliza angewalisha nini wanawe kwenye bufe, hakutafuta maneno. Angefika milango inapofunguliwa. Angewapa kinachopikwa mbele ya macho yao, kimanda, chapati, pasta ya papo hapo. Chakula cha moto kinafaa kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya 5, na trei iliyobaki nusu saa tisa alasiri inaweza kuwa haiko huku wala kule. Nyama ya jana, akaongeza huku akicheka, ina majina mengi leo: mchuzi, sambusa, pilau.

Kwa wasio na vijana wa kula mara mbili kuna njia ya katikati ambayo mawakala huinyamazia kwa kuwa faida yake ni ndogo. Hafu bodi, yaani kiamshakinywa na chakula cha jioni, humwachia mtu mchana wake na baa yake. Nyumba za kukodi kwa siku Mtwapa au Diani zina jiko, na mpishi wa kutwa hupatikana. Samaki ananunuliwa kwa mvuvi, na ndengu zimetoka nyumbani kwenye begi. Mama atapanga menyu, kweli, na bwawa huenda lisiwepo. Kwa familia ya watano hesabu yake, kila nilipoipiga, ilitoka chini. Sijapata anayeuza kila kitu ndani akanionyesha vingine.

Hoja pekee inayonitia shaka ni Aprili. Shule zimefungwa, mvua za masika zimeanza au zinanukia, mwani unaanza kulala ufukweni, na bei hushuka hadi mahali ambapo Desemba haiwezi kuota. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa kati ya masika na Juni. Zilizo wazi hubembeleza, na zinazobembeleza hukubali hata kuulizwa kuhusu ndengu. Kama kila kitu ndani kitawahi kuifaa familia ya Tseikuru, pengine ni katika wiki hizo mbili tatu, iwapo watoto hawajali mvua na iwapo bei za mbuzi zimesimama, jambo ambalo mwezi huo hakuna awezaye kuliahidi.

Mchuuzi amekwisha pigiwa simu na wakala kuhusu Aprili. Hajalipa amana. Alimtumia orodha ya maswali matatu, la kwanza likiwa kama yule mwenye koleo bado yupo.