Je, Wajua? Ini la asiyegusa pombe laweza kufanana na la mlevi

Mwaka 1980, Jurgen Ludwig, daktari bingwa wa patholojia wa Mayo Clinic, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake makala fupi kuhusu wagonjwa 20. Hawakuwa walevi. Lakini vipande vya maini yao vilipowekwa chini ya hadubini, seli zilionekana zimejaa matone ya mafuta, zimezungukwa na uvimbe, na wengi walikuwa tayari na makovu. Watatu walishafikia sirosisi.

Wengi walikuwa wanene kiasi, na si wachache waliokuwa na kisukari au mawe kwenye kibofu cha nyongo. Wanawake walizidi wanaume.

Kabla ya hapo, mgonjwa wa namna hii angeapa kwamba hanywi na bado daktari akamtilia shaka. Dhuluma kubwa kwa mtu anayeumwa!

Ugonjwa haukuwa hata na jina. Makala hiyo ndiyo iliyoupa. Waandishi walisema wazi kwamba hawajui tiba yake. Dawa ya kwanza mahususi, resmetirom, iliidhinishwa Marekani Machi 2024, miaka 44 baadaye.