Maumbizo yenye hataza katika Linux

Maumbizo yenye hataza katika Linux ni aina za faili za sauti na video, kama vile MP3 na H.264, ambazo mbinu zake zililindwa kisheria na wamiliki wake, ilhali Linux yenyewe ni mfumo wa uendeshaji ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza bure. Umbizo ni namna ya kupanga data ndani ya faili. Programu inayofungua data hiyo ili ichezwe huitwa kodeki.

Kwa miaka mingi mtu aliyesakinisha Linux aliweza kukuta kwamba faili zake za muziki hazichezi. Sababu haikuwa upungufu wa utaalamu, bali sheria.

Hataza na hakimiliki

Hakimiliki hulinda msimbo wa programu jinsi ulivyoandikwa. Hataza hulinda mbinu yenyewe. Kwa hiyo mtu anayeandika kodeki yake tangu mwanzo, bila kunakili hata mstari mmoja, bado anaweza kudaiwa ada na mwenye hataza. Hataza hutolewa nchi kwa nchi, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ilipoombwa. Ndiyo maana programu ileile inaweza kuwa halali katika nchi moja na kuleta kesi katika nyingine. Tena, mradi unaogawa programu bure hauwezi kulipa kwa urahisi ada inayohesabiwa kwa kila nakala, kwa kuwa haujui zimesambazwa nakala ngapi.

MP3

MP3 ilibuniwa hasa na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani. Fedora, toleo la Linux linalofadhiliwa na kampuni ya Red Hat ya Marekani, kwa miaka mingi halikuwa na kodeki yake. Kampuni ya Fluendo ya Hispania ilipata leseni, ikatoa kodeki halali ya MP3 kwa watumiaji wa Linux bila malipo. Fedora 25, iliyotoka Novemba 2016, ilianza kucheza MP3. Tarehe 23 Aprili 2017 mpango wa leseni za MP3 ulifungwa, na leo umbizo hilo hutumiwa bila ada.

H.264

Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kodeki ya OpenH264 na kukubali kulipa ada ya hataza. Msimbo wake uko wazi kwa wote, lakini malipo hayo yanahusu tu nakala iliyotayarishwa na Cisco na kupakuliwa kutoka kwake. Anayejitengenezea nakala kutokana na msimbo huohuo hakingwi na malipo hayo.

DVD

Diski nyingi za filamu za DVD zina kufuli la kidijitali liitwalo CSS. Hapa kikwazo ni sheria zinazokataza kuvunja kufuli hilo. Mwaka 1999 ilisambazwa programu ya kulifungua, DeCSS. Jon Lech Johansen wa Norwei, mmoja wa waliohusika, alishtakiwa, lakini mahakama ilimwachilia Januari 2003, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo Desemba mwaka huohuo. Nchini Marekani, kinyume chake, jarida la 2600 lilizuiwa kusambaza DeCSS kwa kutumia sheria ya DMCA ya mwaka 1998. Kwa sababu hiyo matoleo mengi ya Linux hayaji na libdvdcss, programu ya mradi wa VideoLAN wa Ufaransa inayofanya kazi kama hiyo. Mtumiaji huisakinisha mwenyewe kulingana na sheria za nchi yake.

Maumbizo huria

Njia nyingine ni kutumia maumbizo yaliyokusudiwa tangu mwanzo yasitozwe ada. Kwa sauti yapo Vorbis na FLAC, yanayotunzwa na Xiph.Org, kwa video ipo AV1, iliyotolewa mwaka 2018. Faili ya MP3 ikigeuzwa kuwa Vorbis hupungua ubora, hivyo ni afadhali kurekodi moja kwa moja katika umbizo huria.