Je, Wajua? Presha na Insulini Hukutana Kwenye Mshipa
Je, wajua kwamba mwenye presha, hata asiye na kisukari, anaweza kuwa na mwili usioitikia insulini ipasavyo? Mtafiti Ferrannini na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1987. Kinachounganisha presha na hali hiyo, miongoni mwa vingine, ni supaoksaidi, kemikali kali inayoharibu naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Mshipa ukibana, presha hupanda, na sukari huifikia misuli kwa shida. Kimeng'enya cha SOD, kilichotambuliwa mwaka 1969, ndicho huidhibiti supaoksaidi. Basi si tumeze vidonge vya vitamini E, ambayo nayo hupambana na kemikali kali za aina hiyo? Hapana: utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, wenye wagonjwa zaidi ya 9,000, haukuona vikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Mimi naona mazoezi yana hoja yenye nguvu zaidi, kwani huchochea mwili uzalishe vimeng'enya vyake wenyewe kama SOD, na misuli huiitikia insulini vizuri zaidi.