Yangeyange wa Sosiot

Wasomaji wa pwani wanaoijua Kericho huijua kwa majani yake ya chai. Mimi nimeletwa huku na kazi, na makazi yangu ni Sosiot, katika Belgut, ambako asubuhi huanza kwa ukungu na alasiri, aghalabu, humalizika kwa mvua. Mtu wa Mombasa akishatoka kazini na kuswali, hana baraza wala kahawa chungu ya kumkalisha. Ama alale, ama atafute la kumshughulisha. Nikanunua kamera.

Nyumbani waliposikia kwamba napiga picha za wanyama, walidhani nawafuata simba wa Maasai Mara. La! Wanyama wangu ni ng'ombe wa jirani, punda wabebao maji, paka wa dukani, na yangeyange waandamao ng'ombe wakidona wadudu. Simba hana miadi na mtu, bali ng'ombe hurudi njia ile ile kila siku, na lililokushinda leo utalijaribu kesho. Hata marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie, kijisanduku tu.

Anayetaka kuanza, basi, na achutame. Mnyama akipigwa kwa kusimama huonekana mgongo. Ukishuka usawa wa macho yake, hugeuka kuwa mtu wa kuzungumza naye. Jicho ndilo la kulenga, kwani likiwa na ukungu picha yote imekufa. Saa moja na saa mbili za asubuhi ndizo bora, jua likiwa bado limelala. Na yangeyange ana kero yake: kamera ikiona majani mengi ya kijani kibichi huongeza mwangaza, na ndege mweupe akatoka kama kipande cha bafta kisicho na unyoya hata mmoja. Punguza mwangaza kidogo, manyoya yatarudi. Akiruka, fyatua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu ya mkononi yatosha kwa ng'ombe. Kwa ndege huchosha.

Lakini ndugu msomaji, najua unalotaka kuuliza, kwa kuwa mjomba wangu aliniuliza kwanza. Nilipompigia simu na kumwamkia, aliitika "Marahaba," kisha papo hapo: "Hivyo viumbe vyenye roho, mwanangu, umevitafutia fatwa?" Hadithi za kukataza taswira anazijua kwa moyo. Nilimtajia Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye katika risala yake aliona kwamba kamera haiumbi kitu, bali huzuia kivuli tu, mfano wa sura iliyomo kiooni. Mjomba alijibu kwamba wako maulamaa wasiokubali, na ni kweli wako. Tukaachana pale. Mimi huziweka zangu katika albamu, ukutani situndiki.

Mwaka jana jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliamua kumuuza ng'ombe wake mkubwa kwa ajili ya karo ya mjukuu. Siku mbili kabla ya mnunuzi kuja alibisha hodi. "Mwalimu, zile picha zake bado unazo?" Akazitazama zote, moja moja, asiseme neno. Ile niliyojivunia, yenye umande puani na jua nyuma ya masikio, aliipita. Alichagua ambayo ningeifuta: ng'ombe amegeuza kichwa, mlango wa jiko nyuma yake, na ndoo ya maziwa imekatwa nusu. Akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita kila alfajiri.

Niliichapisha Kericho mjini, ikatundikwa juu ya vibuyu vyake vya mursik. Mjomba naye, nilipomsimulia, alinyamaza kitambo. Kisha akaniagiza nikishuka nimletee yangeyange mmoja, mdogo, wa kuweka ndani ya daftari.